Umefunga pawa stelingi kwenye Land Cruiser 40 na gari halitulii? Anzia hapa

Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilitengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984, na nyingi kati ya zilizobaki huku kwetu zilizaliwa na stelingi ya mkono. Aliyewahi kuliegesha moja Kariakoo saa sita mchana anajua mabega yanavyowaka. Ndiyo maana watu hufunga pawa, na njia iliyozoeleka ni kuchukua boksi la stelingi (lile lenye meno linalopokea mzunguko wa usukani) na pampu ya Land Cruiser 60, ile iliyoingia sokoni 1980. Ni ukoo mmoja: springi za majani, ekseli nzima mbele, vipuri vinapatikana.

Yangu ni FJ40 ya 1978 yenye injini ya 2F. Siku niliyoichukua gereji niliizungusha kwa kidole kimoja nikacheka peke yangu. Siku ya tatu, nikiwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami nzuri, gari likaanza kutafuta njia lenyewe: kidogo kushoto, ninarudisha, linapitiliza kulia, ninarudisha tena. Nikabadilisha pampu. Nikabadilisha boksi. Tatizo halikuwa kwenye pampu wala kwenye boksi, na kama ningefuata mpangilio huu hapa chini ningelipata Jumamosi moja bila kununua kitu zaidi ya chaki.

Kwanza elewa pawa imebadilisha nini. Haikugusa ekseli, tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), kingpini (pini ambazo gurudumu hugeukia) wala springi. Hizo bado ni za zamani na zimechoka vilevile. Ilichofanya ni kuongeza nguvu kati ya mikono yako na vitu hivyo. Zamani usukani mzito ulikuzuia usiyumbishe gari, na msuguano wa boksi la mkono ulificha plei, yaani ule mchezo wa viungo vilivyolegea. Sasa plei yote iko wazi, na juu yake chesisi inasukumwa na nguvu ambayo haikuwahi kuibeba.

Kabla ya kushika spana

Andika kwenye karatasi gari linafanya nini hasa, lini, na kama lilikuwa likifanya hivyo kabla ya pawa. Fundi ukimwambia "stelingi mbaya" atabadilisha kile anachokipenda kukibadilisha. Ukimwambia "linatangatanga kuanzia 70, lakini mjini liko sawa" umeshampunguzia nusu ya kazi.

Kisha upepo wa tairi. Unacheka, lakini pima. Tairi moja la mbele likiwa chini ya mwenzake, huna haja ya kusoma zaidi mpaka uliweke sawa.

Ukihitaji kuinua mbele, jeki inainua tu. Gari likalie stendi. Na hosi ya presha usiipapase kwa mkono kutafuta mvujo injini ikiwa inanguruma. Presha ya humo ukikata kona mpaka mwisho hupita bar 60, na mvujo mwembamba kama sindano unaweza kuingiza oili ndani ya nyama. Tumia kipande cha boksi la karatasi.

Gari linatangatanga barabarani

Hili ndilo lalamiko kubwa, na lina sababu nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Anza na mtihani wa chaki. Gari likiwa chini, tairi kwenye lami au saruji kavu, injini inawaka, gia huru, handibreki imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Chora mstari mmoja wa chaki unaoanzia kwenye boksi la stelingi na kuendelea mpaka kwenye chesisi. Chora mwingine unaounganisha bamba la kufungia boksi na chesisi. Mpe mtu usukani aucheze kushoto kulia, robo mzunguko tu, bila haraka. Wewe lala ubavuni, tochi mkononi, uangalie mstari.

Mstari ukibaki mmoja, sawa. Kwangu ulikatika. Kila alipovuta kushoto, nusu ya mstari iliyokuwa kwenye boksi ilipanda kama milimita mbili kisha ikarudi. Nilidhani ni bolti zimelegea, lakini zilikuwa zimekaza. Niliposugua rangi kwa brashi ya waya nikaona ufa mwembamba kama unywele ukitoka kwenye tundu la bolti kuelekea chini. Chesisi ilikuwa inapumua. Gari la namna hiyo halina boksi litakaloliponya, kwa sababu sehemu ya kila mzunguko wa usukani inaishia kukunja bati badala ya kugeuza gurudumu.

Tiba yake ina mambo mawili. La kwanza: chesisi ya 40 ni bomba la pembe nne lenye uwazi ndani, kwa hiyo bolti inayopita moja kwa moja hukandamiza kuta zake kila unapokaza. Fundi apitishe kibomba cha chuma ndani ya kila tundu, kiishie sawasawa na ukuta wa kila upande, ndipo bolti ipite ndani yake. La pili: bamba la kuimarisha, nje na ndani. Mwambie wa kuchomelea asimalize bamba kwa mstari wima unaokata chesisi kama kisu, kwani ufa unaofuata utaanzia hapohapo. Ncha za bamba zichongwe mithili ya mkia wa samaki ili moto na nguvu visambae. Ufa wenyewe utobolewe kitundu mwishoni kabla ya kuchomelewa, ama sivyo utaendelea kutembea chini ya welding. Na waya wa betri ufunguliwe kabla hajawasha mashine.

Chaki ikikupa cheti, endelea na viungo. Msaidizi yuleyule, mchezo uleule wa usukani, wewe unaweka vidole kwenye kila kiungo kimoja kimoja: nusu ya kidole kwenye kichwa cha tairodi endi, nusu kwenye mkono inaoingia. Plei ambayo jicho halioni, kidole huisikia. Anzia krosi za shafti ya usukani (viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda), shuka kwenye mkono wa pitimani unaotoka kwenye boksi, kisha draglinki, yaani fimbo inayotoka pitimani kwenda gurudumuni, malizia tairodi. Kwenye mpango wa asili wa 40 kuna mkono wa kati ulioshikiliwa kwenye kiunga cha mbele cha chesisi. Watu wengi huuondoa wakifunga boksi la 60, kwa sababu draglinki ndefu huvuka moja kwa moja kutoka kwa dereva hadi gurudumu la upande wa pili. Kama fundi wako aliubakiza, bushi zake zichunguze kwa wasiwasi mkubwa.

Halafu inua gari, ushike tairi saa sita na saa kumi na mbili, yaani juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Plei ikipotea ni beringi za habu; ikibaki ni beringi za kingpini.

Sasa kasta. Hapa ndipo mafundi wengi wa mjini wanapoteleza. Kasta ni ule mwinamo wa kingpini ukiitazama ubavuni: sehemu ya juu ikilala nyuma kidogo, gurudumu hupenda kujinyoosha lenyewe, kama yale ya kitoroli cha dukani. Kiwandani 40 ilipewa kasta ndogo sana, digrii 1 hivi, makusudi, ili stelingi ya mkono isizidi uzito. Ukishafunga pawa, sababu hiyo imekufa. Wepesi wa pawa juu ya kasta ya digrii 1, pamoja na tairi pana za radiali za siku hizi, ndio unaozaa gari lisilojua kunyooka. Lenga digrii 3 hivi.

Ekseli nzima haina nati ya kurekebishia kasta, kwa hiyo mahali pengi pa alaimenti watakurekebishia tairodi tu, wakupe karatasi, ulipe. Omba wakusomee namba ya kasta ya kila upande kabla hujaondoka. Ikiwa chini, dawa ni kabari za chuma kati ya springi na kikalio cha ekseli. Kwenye 40 isiyoguswa ekseli inakaa juu ya springi, hivyo upande mnene wa kabari unatazama mbele. Kama gari lako limeinuliwa na springi zikahamishiwa juu ya ekseli, mambo yanageuka: mnene unatazama nyuma. Niliwahi kuona zimefungwa kinyume, na mwenye gari akasema limekuwa baya zaidi, ambalo lilikuwa kweli kabisa. Usizidishe pia. Kila digrii unayolaza kingpini nyuma inashusha pua ya difu ya mbele, pale inapofungwa shafti ya propela, na propela itaanza kutetemeka ukiweka 4x4.

Baada ya kasta ndipo alaimenti ya tairodi. Magurudumu ya mbele yaangaliane kwa ndani milimita 1 hadi 3 kwa radiali, ikipimwa mbele na nyuma ya tairi kwa urefu uleule. Yakifunguka kwa nje, gari litawinda kila mfereji wa lori uliochimbika barabarani.

Mwisho wa sehemu hii ni katikati ya boksi. Ndani ya boksi, meno hukaza zaidi pale katikati kabisa, ili gari linaponyooka kusiwe na plei. Kama fundi alifunga pitimani kwa kukadiria, unaweza kuwa unaendesha ukiwa kwenye sehemu iliyolegea. Fungua draglinki, zungusha usukani mpaka mwisho mmoja, kisha hesabu mizunguko mpaka mwisho wa pili. Ikiwa minne, rudi miwili: hapo ni katikati. Magurudumu yanyooshe, halafu rekebisha urefu wa draglinki iingie bila kulazimisha chochote. Usukani wenyewe kama umekaa pinda, ung'oe na uuweke vizuri *baada ya* hapo. Kuanza na usukani ni kuficha kosa.

Skurubu ile yenye nati juu ya kifuniko cha boksi iache ya mwisho kabisa. Kila mtu huikimbilia. Ikikazwa kupita kiasi plei hupotea kweli kwa wiki mbili, boksi likishajitafuna inarudi mara mbili. Ukilazimika kuigusa, boksi liwe katikati, draglinki imefunguliwa, na usogeze kidogo, robo mzunguko au chini ya hapo, huku ukisikiliza kama usukani umeanza kukwama.

Usukani ni mzito

Usikisie kama ni oili au ni chuma. Weka mbele juu ya stendi, zima injini, fungua draglinki. Shika tairi kwa mikono uligeuze kushoto na kulia. Likiwa zito au likienda kwa vipande, beringi za kingpini zimekazwa kupita kiasi au zimeota kutu, na pampu ya aina yoyote haitakusaidia. Likiwa laini, nenda kwenye usukani uuzungushe peke yake. Ukikwama, tatizo liko kwenye krosi, shafti au boksi. Vyote vikiwa laini ndipo una haki ya kulaumu pampu.

Upande wa pampu, 2F huizungusha kwa mkanda. Ubonyeze kwa dole gumba katikati: ushuke kama sentimita moja. Ukilia kama paka unapokata kona ukiwa umesimama, umelegea au umepakwa oili. Angalia pia pulii zote zimelingana. Bamba la pampu lililotengenezwa mtaani likipinda kidogo, mkanda hula ukingo mmoja.

Injini ikitaka kuzimika unapoegesha, hiyo siyo hitilafu ya pampu. Kabureta haijui kwamba imeongezewa mzigo. Pandisha sailensa kidogo, yaani mwendo wa injini ikiwa hujakanyaga mafuta.

Kelele na povu

Pampu inayolia kama mbwa mdogo ina upepo. Fungua kifuniko cha tangi: oili ikiwa na povu au rangi ya pinki ya maziwa, hewa inaingia. Mara nyingi inaingia kwenye hosi nene inayotoka tangini kwenda pampuni, upande wa kunyonya. Hapo oili haivuji nje, ndiyo maana unaweza kuitafuta siku nzima usione tone. Badilisha hosi na klampu zake, usizikaze tu.

Kutoa upepo: mbele juu, injini imezimwa, tangi limejaa ATF (oili ya gia za otomatiki). Zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara 15 au 20, ukiongeza oili kila inaposhuka. Acha ipumzike dakika kumi. Kisha washa, zungusha tena taratibu, bila kubana mwisho. Wenye haraka huwasha injini mwanzoni kabisa, na pampu inakoroga oili na hewa kuwa povu ambalo hulitoi mpaka kesho yake.

ATF, tafadhali, Dexron. Oili ya breki itakula sili zote kimyakimya.

Kama boksi ni la mtumba, chomoa hosi ya kurudishia, ielekeze kwenye debe, na usukume oili mpya mpaka itoke safi. Pitisha sumaku kwenye ile chafu. Unga mweusi kidogo ni kawaida. Vipande vinavyong'aa maana yake pampu au boksi limeshaanza kuliwa, na mmoja atamuua mwenzake.

Usukani haurudi wenyewe baada ya kona

Kasta ndogo, kingpini iliyokazwa, skurubu ya boksi iliyokazwa. Umeshazikuta zote hapo juu. Iliyobaki ni shafti ya usukani kugusa bomba la egzosi au bodi. Itafute kwa tochi, alama ya msuguano hung'aa.

Mzito, mwepesi, mzito, ndani ya mzunguko mmoja

Hizi ni krosi. Boksi la 60 linakaa mbele zaidi ya lile la zamani, kwa hiyo shafti hupindishwa na kuwekewa krosi mbili. Uma wa ncha moja na uma wa ncha ya pili lazima vilale sambamba. Fundi akizikosesha kwa robo mzunguko, kila krosi inaongeza kosa la mwenzake badala ya kulifuta. Fungua, sogeza meno, funga tena. Pembe ya krosi moja ikizidi digrii 30 hivi, inahitaji krosi ya tatu na beringi ya kushikilia shafti katikati.

Linakata kona upande mmoja tu

Rudi kwenye kuhesabu mizunguko. Kama boksi liko katikati na bado, angalia bolti za kuzuia kona kwenye ekseli. Zenyewe ndizo zinazopaswa kugusa kwanza, kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani. Boksi likifika kwanza, presha yote ya pampu inalisukuma lijivunje.

Usukani unajizungusha wenyewe

Nadra, lakini usiiendeshe gari hiyo. Magurudumu hewani, injini iwashwe, mikono mbali. Usukani ukielekea upande mmoja bila kuguswa, valvu ndani ya boksi haiko katikati, na hilo ni la mtu mwenye vifaa. Wakati uko hapo, hakikisha hosi ya presha na ya kurudishia hazikubadilishana nafasi. Na kama boksi lilitoka kwenye gari la usukani wa kushoto, mfano lililotembea Kongo, huku chesisi yako ni ya usukani wa kulia, acha kulitengeneza. Tafuta jingine.

Linaruka pembeni kila likigonga shimo

Simama mbele ya gari, tazama draglinki. Ikiwa imelala karibu sambamba na ekseli, tafuta kwingine. Ikishuka kama paa la nyumba, kila springi inapobonyea draglinki inavuta gurudumu. Magari yaliyoinuliwa yote yana ugonjwa huu kwa kiasi fulani. Kuna mikono ya gurudumu na ya pitimani iliyotengenezwa maalumu kupunguza mteremko huo. Usikubali pitimani ipashwe moto na kupindwa, wala draglinki iungwe kwa kuchomelewa katikati. Nimeona zote mbili zikiuzwa kwa majigambo. Kitu hicho kikikatika, pawa haina la kufanya.

Ukishafunga kila kitu

Kila nati ya tairodi endi iwe na pini yake, iliyokunjwa. Jaribu kilomita 40 kwa saa kwanza kwenye barabara tupu, kisha 60, kisha 80, ukiachia usukani kidogo kwa vidole wazi. Baada ya kilomita 100 kaza bolti za boksi na za bamba, halafu tena baada ya 1000, maana rangi iliyobanwa kati ya vyuma huwa inakaa chini na bolti inalegea bila kosa la mtu.

Mstari wangu wa chaki niliurudia kwa rangi nyeupe. Uko pale mpaka leo, na ninapofungua boneti kupima oili ya injini huwa nainama kuutazama.